Je, Wajua? Mkali Mdogo wa Bukini

Je, wajua kwamba palikuwa na dinosaria ambaye meno yake ya mbele hayakusimama, bali yalilala? Anaitwa Masiakasaurus. Masiaka ni neno la Kimalagasi, maana yake mkali, lakini mkali mwenyewe alikuwa na urefu wa mita 2 hivi tu, na sehemu kubwa ya urefu huo ni shingo na mkia. Aliishi miaka milioni 70 hivi iliyopita huko Bukini, kisiwa ambacho siku hizi tumezoea kukiita Madagaska. Mifupa yake ilifukuliwa kaskazini magharibi mwa kisiwa, karibu na kijiji cha Berivotra.

Mtazame taya la chini. Jino la kwanza limelala karibu kabisa, ncha ikielekea mbele kama kidole kinachoonyesha njia. La pili limeinuka kidogo, la tatu na la nne zaidi, kisha yanayofuata yamesimama wima kama ya dinosaria wengine wala nyama. Hata umbo hubadilika. Ya mbele yamechongoka na ncha zimepinda kidogo, mfano wa ndoana. Ya nyuma ni bapa, na kingo zake zina vijino kama vya msumeno. Huku ananasa, kule anakata.

Meno ya mbele ya namna hiyo hayafai kurarua mnofu wa mnyama mkubwa. Yanafaa kudaka kitu kidogo chenye kuteleza au kukimbia: samaki, mjusi, mdudu. Na mawindo makubwa yalikuwa na mwenyewe. Jamaa yake Majungasaurus, mwenye mita 6 hadi 7, aliwinda nchi hiyo hiyo, na alama za meno yake zimekutwa hata kwenye mifupa ya Majungasaurus wenzake. Kwa jirani wa aina hiyo, kula vidogo ni busara.

Watafiti walipokata mifupa ya Masiakasaurus na kuitazama kwa hadubini, waligundua kwamba alikua polepole: miaka 8 hadi 10 kufikia ukubwa wa mbwa.

Jina lake la pili ni knopfleri. Alipewa mwaka 2001 kwa heshima ya Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits ya Uingereza. Wachimbaji walikuwa wakisikiliza muziki wake kazini, na walisema kila walipoupiga muziki huo, mifupa ilipatikana.

Ukoo wa Masiakasaurus una mtu wake hata Tanzania. Elaphrosaurus, aliyefukuliwa Tendaguru mkoani Lindi na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ni mkubwa kwa umbo na kwa umri, maana aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mifupa yake iko Berlin. Fuvu lake halikupatikana, kwa hiyo kichwa unachokiona pale kwenye jumba la makumbusho ni cha kutengenezwa, na meno yake halisi hakuna aliyewahi kuyaona.