Adili Baharini: Riwaya Inapomfunza Mtoto Subira

Chukwani, kusini mwa Mji wa Zanzibar, ni mahali panapolea walimu. Chuo cha Elimu kilichoanzishwa hapo mwaka 1998 leo ni Chuo Kikuu cha Sumait, kwa jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait. Kila mwalimu wa Kiswahili anayetoka chuoni hukabiliwa na swali ambalo sisi wazazi nasi hatuna budi kulijibu: mtoto afundishwe riwaya kwa njia gani?

Tuchukue Adili na Nduguze ya Sheikh Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Ndani yake mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mna Hasidi na Mwivu, wanaomtosa baharini ndugu yao Adili kwa kijicho. Huria, jini ambaye Adili alimtendea wema hapo nyuma, anamwokoa, na nduguze wanageuzwa manyani.

Mara nyingi mtoto hukaririshwa tu: huyu mwema, yule mwovu, funzo ni hili. Mtihani ukipita, na kitabu kimesahauliwa. Tunaona ni bora funzo lisitangulizwe. Mwalimu, au mama baada ya sala ya Isha, asome mpaka Adili anapotoswa, kisha afunge kitabu na kuuliza: “Lau ungekuwa wewe, ungewafanya nini ndugu zako?”

Huenda mtoto akajibu kwamba angelipiza kisasi. Asikemewe. Aachwe aendelee, amkute Adili akilazimika kuwapiga manyani wale kila usiku huku moyo wake ukiumia kwa ajili yao. Hapo ndipo mtoto hujipima mwenyewe.

Wapo wazazi wanaochelea kwamba hadithi za kubuni zitamtoa mtoto katika Qur’ani. Chelea yao ina maana, nasi hatuibezi. Mtoto aelezwe waziwazi kwamba kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) ni haki iliyoteremshwa, na riwaya ni kazi ya mja. Lakini aliyewahi kuhisi, japo kwa kuwaza, baridi ya bahari ile na uchungu wa kusalitiwa na nduguye, atasoma habari za kisima cha Yusuf na msamaha wake kwa moyo uliokwisha kufunguka.

Subira haiingii kwa kukariri maana yake. Wazazi wenzetu, usiku wa leo tuwasomee.