Kilo Isiyoandikwa Haina Mlinzi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani pamoja na watoto, tuna neno moja la kuwauliza. Asubuhi kazini mtu wa usalama akikupa kipimo kidogo cha kuvaa kifuani, wewe unasema nini? Wako wanaosema: "Hayo ni mambo ya ofisi." Daftari likiletwa, wanatia sahihi ya jana, ya leo na ya kesho kwa mara moja, halafu wanakwenda zao. Na kamyo ikisimamishwa mpakani Kasumbalesa kwa sababu karatasi ya mionzi ina kasoro, watu wote wananung'unika kwamba serikali inapenda makaratasi.

Leo tunataka kukuonyesha kwamba makaratasi hayo si ya serikali peke yake. Ni yako, ni ya mke wako, na ni ya watoto wako.

JIWE GANI HILO?

Katika udongo wetu wa Katanga, shaba na kobalti hazikai peke yao. Mahali pengine uranium inakaa pamoja nazo. Uranium ndiyo jiwe linalotoa chakula cha mitambo ya nyuklia, ile inayotengeneza umeme bila makala wala mazuti. Kwa hiyo mtu anayeichimba, anayeisaga au anayeisafirisha anahesabiwa na sheria kama mtu anayeshika kitu cha hatari kubwa. Hata kama wewe unatafuta kobalti tu, siku uranium ikitokea katika mawe yako, sheria hiyo inakuhusu.

Usijidanganye kwamba utaitambua kwa macho. Wengine husema ni jiwe la manjano. Kweli, namna nyingine ni za manjano au za rangi ya machungwa. Lakini nyingine ni nyeusi na nzito, na nyingine ni za kijani kama malakiti unayoijua tangu utoto. Mionzi yake haina harufu, haina joto, haina sauti. Mashine ya kupima ndiyo peke yake inayoweza kukuambia.

Hatari yake inaingiaje mwilini? Kwanza kwa vumbi. Mionzi mingi ya uranium haipiti ngozi, lakini ukivuta vumbi lake au ukilila pamoja na bukari kwa mikono michafu, linafanya kazi yake ndani ya mwili, na figo nazo zinaumia. Pili kwa gesi inayoitwa radoni. Gesi hiyo inatoka katika mawe yenyewe na kujaa mahali pasipopita hewa: ndani ya shimo, ndani ya ghala lililofungwa. Mtu akiivuta miaka mingi, anaweza kupata kansa ya mapafu. Na kama anavuta sigara pia, hatari inazidi sana.

Ugonjwa huu hauji kesho. Unaweza kuja baada ya miaka 10, 20 au zaidi, wakati umekwisha kuacha kazi na shefu wako wa zamani amekwisha kuhama. Siku hiyo ni nani atakayekumbuka ulifanya kazi wapi na ulivuta vumbi gani? Ni daftari.

TUNAYOJUA KUTOKA SHINKOLOBWE

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, katika jimbo letu hili la Haut-Katanga. Uranium iligunduliwa pale mwaka 1915, na kazi ya kuichimba ilianza mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radiamu. Wakati wa vita ya pili, mawe ya Shinkolobwe yaliuzwa Marekani, na mengi yaliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwezi wa Agosti 1945. Mambo yote ya biashara hiyo yalikuwa siri. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa.

Lakini mgodi uliofungwa bila mlinzi haukai umefungwa. Miaka ya mwisho ya 1990 wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti, maelfu ya watu, na kijiji kizima kikajengwa kando ya mashimo. Walichimba kwa nyundo na kwa sururu. Hapakuwa na mtu wa kuandika nani ameingia, nani ametoka, mzigo gani umeondoka na umekwenda wapi. Mwezi wa Januari 2004 Rais alitia sahihi dekreti ya kufunga mahali pale. Watu waliendelea kuchimba. Mwezi wa Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi ilianguka, na watu wasiopungua 8 walikufa.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu kupima. Walikuta kwamba hatari ya kwanza pale ilikuwa ni udongo kuwaangukia watu, na walionya pia juu ya vumbi na gesi ndani ya mashimo. Sikiliza vizuri, ndugu: kabla ya kupima, wengine walitisha watu kupita kiasi, na wengine walisema hakuna kitu chochote. Kipimo kilichoandikwa ndicho kilichoonyesha hatari iko wapi.

SHERIA INATAKA NINI?

Wengi wanasikia majina ya sheria na wanachoka. Tutasema kwa ufupi.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inahesabu uranium na madini mengine yenye mionzi kuwa madini yaliyotengwa. Maana yake si mali ya kuokota na kuuza kwa mtu yeyote anayekuja na mizani na pesa mkononi. Kampuni ikiikuta katika kazi yake, inapaswa kuitangaza kwa serikali.

Sheria nyingine ya mwaka 2002 inawalinda watu na mionzi. Komite ya taifa inayoitwa CNPRI ndiyo yenye kazi ya kuangalia jambo hilo katika nchi nzima. Nayo CGEA ya Kinshasa ndiyo ofisi ya nguvu za atomu; mtambo wake wa kwanza wa uchunguzi ulianza kazi mwaka 1959.

Halafu iko ahadi ambayo nchi yetu imewapa watu wa dunia. Tangu mwaka 2003 Kongo iko chini ya Protokoli ya Nyongeza ya Shirika la Nguvu za Atomu la Vienna. Kwa ahadi hiyo serikali inapaswa kueleza migodi ya uranium iko wapi, kama inafanya kazi au imesimama, na inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka. Sasa fikiri: serikali itapata wapi hesabu hiyo? Itaiomba kwa kampuni. Kampuni itaipata wapi? Katika daftari la kikosi. Na daftari la kikosi linaandikwa na nani? Na wewe, ndugu, kwa kalamu ya shefu wako. Ukiandika uongo Likasi au Lubumbashi, uongo huo unasafiri mpaka Vienna.

KARATASI INAPOKOSA NGUVU, KAZI INASIMAMA

Mwezi wa Novemba 2018 kampuni ya KCC ya Kolwezi ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake nje. Sababu ilikuwa nini? Uranium ilionekana ndani ya kobalti kupita kipimo kinachokubaliwa katika bandari kubwa za Afrika. Mwezi wa Aprili 2019 ndipo ilianza tena kuuza ile iliyokuwa chini ya kipimo.

Hapo utaona kwamba kupima si mchezo wa kuchelewesha makamyo. Mzigo uliopimwa mapema, hapa kwetu, unaweza kutengwa. Mzigo unaogunduliwa bandarini unarudi na hasara, na hasara hiyo inaingia mpaka katika sufuria la nyumbani. Tena dereva amelala siku nyingi karibu nao, na wapakuzi wameushika kwa mikono.

WAJANE WA WANAVAJO

Sasa tusikie habari ya wafanyakazi wenzetu wa Marekani. Kusini-magharibi ya nchi ile kuna watu wanaoitwa Wanavajo. Tangu miaka ya 1940 wengi wao walichimba uranium kwa ajili ya serikali yao. Mashimo hayakuwa na hewa ya kutosha. Wanaume walirudi nyumbani na vumbi katika nguo, na wake zao walizifua. Miaka ikapita, kansa ya mapafu ikaanza kuwaua.

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa wachimbaji hao dola 100,000 kila mmoja, au jamaa zao kama wamekufa. Lakini ilitakiwa kuonyesha karatasi: alifanya kazi wapi, miaka gani, alivuta kiasi gani. Wajane nao walitakiwa kuonyesha karatasi ya ndoa. Wengi walikuwa wameolewa kwa desturi ya wazee wao, na ndoa hizo hazikuandikwa popote. Mama aliyeishi na mume wake miaka 30, akamzalia watoto na kumwuguza mpaka kufa, alipata shida kubwa ya kuonyesha kwamba alikuwa mke.

Baba, je, habari hiyo haifanani na ya kwetu? Ni wangapi kati yetu walitoa mahari, wakala na kunywa na wakwe, lakini hawakufika kwenye ofisi ya komini kuandikisha ndoa? Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inataka ndoa ya desturi iandikishwe. Fanya hivyo ukiwa mzima. CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, haiwezi kulipa kwa ushuhuda wa majirani tu.

FANYA HIVI

1. Vaa kipimo chako kifuani siku zote za kazi, wala usimwazime mwenzako. Mfanyakazi wa mionzi hapaswi kupita milisiverti 20 kwa mwaka, kwa hesabu ya wastani wa miaka 5, wala kupita 50 katika mwaka mmoja. Mtu wa kawaida, kama jirani au mtoto wako, kipimo chake ni 1 tu. Uliza hesabu yako. Una haki ya kuijua.

2. Usitie sahihi mahali ambapo hukusoma. Kama hujui kusoma vizuri, mwombe delege wa sendika akusomee.

3. Mashine ikilia juu ya mzigo, usiuhamishe kwa siri na usiuchanganye na mwingine. Simama, mwite shefu, na jambo hilo liandikwe pamoja na saa na mahali.

4. Ajali ndogo na kikohozi kisichokwisha vitangazwe na viandikwe. Kisichoandikwa leo, kesho kitaitwa ugonjwa wa nyumbani.

5. Usile, usinywe na usivute sigara mahali pa vumbi. Oga kabla ya kutoka. Acha nguo za kazi na buti kazini.

6. Weka nakala zako nyumbani mahali pakavu: kandarasi, karatasi za mshahara, karatasi za daktari, karatasi ya ndoa. Mwonyeshe mke wako zilipo.

NENO KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, mume wako akirudi na nguo za kazi zimejaa vumbi, usizikung'ute karibu na mbabula ambapo chakula kinapikwa, wala usizifue katika beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Mwambie kwa upole: "Baba, nguo hizi zibaki kazini." Na kama watoto wameleta mawe mazuri ya rangi kutoka kwenye malundo ya zamani, usiyaweke ndani ya nyumba kama pambo. Mjulishe baba, naye awajulishe watu wa usalama waje wapime.

Na wewe, baba, usione haya kusahihishwa na mama. Ukiugua, yeye ndiye atakayekuuguza. Ukifa, yeye ndiye atakayezunguka ofisini na makaratasi mkononi.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi daftari litapita tena mbele yako. Lisome, andika kweli, tia sahihi ya siku hiyo moja tu. Kilo iliyoandikwa ina mlinzi, na mtu aliyeandikwa ana shahidi.

Kazi njema, na urudi nyumbani mzima.