MJUE FUNGO, JIRANI WA USIKU

Ndugu msomaji, asubuhi unafungua banda. Kuku mmoja hayupo. Manyoya yametapakaa chini. Je, ni nani aliyekuja usiku? Hapa Dimani huenda ni fungo. Wengine humwita ngawa.

Fungo ni mnyama gani?

Fungo si paka. Ni mkubwa kuliko paka. Aweza kufika kilo 15. Ana rangi ya kijivu na madoa meusi. Machoni ana weusi, kama aliyefungwa kitambaa. Huko Marekani yuko mnyama aitwaye rakuni. Naye ana weusi kama huo machoni, na usiku huja majumbani kutafuta mabaki ya chakula.

Fungo akiogopa, husimamisha manyoya ya mgongoni ili aonekane mkubwa. Hutoa pia mafuta yenye harufu kali, yaitwayo zabadi. Hupaka mafuta hayo kwenye miti ili kuweka alama. Nchini Ethiopia, tangu zamani, zabadi huuzwa kwa kutengeneza manukato.

Anakula nini?

Mchana fungo hulala kichakani. Usiku hutembea peke yake. Hula panya, wadudu, nyoka, kaa, mayai na matunda. Hula hata jongoo mwenye sumu. Hupenda kwenda haja mahali pamoja. Katika kinyesi chake zimo mbegu za matunda, na nyingine huota. Hivyo fungo hupunguza panya na hupanda miti.

Tufanye nini?

Usitege sumu. Sumu yaweza kuua mbwa wako, kuku wako, hata mtoto.

Fanya hivi:
1. Ingiza kuku bandani kabla ya jua kutua.
2. Jenga banda imara, lisilo na nafasi ya mnyama kupenya. Funga mlango vizuri.
3. Fukia matumbo ya samaki na mabaki ya chakula.

Jihadhari!

Ukimwona fungo mchana, naye hakimbii watu, usimkaribie. Huenda ana kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ili apate chanjo. Usingoje. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana, mgonjwa haponi.

Ndugu mwanakijiji, banda likiwa imara, kuku watalala salama. Naye fungo atakwenda kutafuta panya shambani.