Mashindano ya Ndege Zisizo na Rubani

Mto Ngaka hushuka kutoka milima ya upande wa Mbinga, katika nchi yenye makaa ya mawe chini ya ardhi. Upande wa magharibi wa milima hiyo ardhi huteremka mpaka Ziwa Nyasa. Mtu asimamaye juu ya milima ya Umatengo siku ya anga safi huweza kuliona ziwa kana kwamba liko miguuni pake. Lakini jicho hufika upesi, na mguu hukawia. Barabara ya kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa 66 hivi, nayo hupinda mara nyingi kabla ya kufika pwani. Siku hizi ina lami. Walakini si kila kijiji cha pwani kiko kando ya barabara hiyo. Mvua ikinyesha, njia ndogo huwa matope; na upepo wa mwera ukivuma, mawimbi huwa makubwa hata mitumbwi hukaa nchi kavu.

Na ifikiriwe hali hii. Mama amejifungua usiku katika kituo cha afya cha pwani, naye anapotewa na damu. Damu ya kumwongezea iko hospitali, ng'ambo ya milima. Mganga hana haja ya lori zima la mizigo. Haja yake ni mfuko mmoja usiofika uzito wa kilo moja. Lakini mfuko huo sharti ufike kabla ya mapambazuko. Ndege wa porini angefika upesi, maana yeye hana haja ya barabara wala daraja. Je, mtu hawezi kuunda ndege mdogo wa kupeleka mfuko huo?

Aweza, na jambo hilo limekwisha kujaribiwa katika Tanzania. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya majaribio yaliyodumu miezi sita katika Ziwa Viktoria. Ndege ndogo isiyo na rubani ilichukua dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilometa 60, kwa dakika 40. Kwa njia ya nchi kavu safari hiyo ni kilometa 240, na gari huichukua muda wa saa sita.

Ndege ya namna hiyo watu wengi huiita droni. Ziko zenye mabawa kama ya eropleni, na ziko zisizo na mabawa, zinazoinuliwa na rafadha, yaani mapanga yazungukayo. Iliyo ya kawaida ina rafadha nne. Mbili huzunguka kwa upande wa kulia na mbili kwa upande wa kushoto. Kwa maana kama zote zingezunguka upande mmoja, chombo chenyewe kingezunguka kama pia. Ndani yake mna kipimo kinachohisi mwinamo. Chombo kikiinama kidogo kushoto, kipimo huiarifu kompyuta ndogo, nayo kompyuta huzitia nguvu rafadha za kushoto, chombo kikarudi sawa. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi sana katika nukta moja, upesi kuliko mkono wa mtu yeyote. Tena kina kipokezi kinachosikia ishara za setilaiti zilizo juu mbali, na kwa ishara hizo hujua mahali kilipo.

Kuna tofauti kubwa baina ya ndege inayoongozwa na mtu aliye chini na ndege inayojiongoza. Ya kwanza ni kama ng'ombe wa jembe: isipoongozwa haijui pa kwenda. Ya pili hupewa kazi, kisha huachwa iitimize peke yake. Mlima ukizuia mawasiliano na mtu aliye chini, ya kwanza huweza kupotea, bali ya pili huendelea na safari yake. Hii ya pili ndiyo ngumu kuiunda, na ndiyo iliyoleta mashindano ya wanafunzi.

Mashindano hayo yalibuniwa mwaka 1990 na mhandisi Robert Michelson wa chuo cha Georgia Tech, katika mji wa Atlanta, Marekani. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo walikusanyika huko na mitambo waliyoiunda wenyewe. Waliwekewa swali moja. Katika uwanja palikuwa na kisahani cha chuma. Ndege ilitakiwa ipae, ikitafute kisahani, ikiokote, ikipeleke upande wa pili wa uwanja na kukiweka hapo. Kanuni ilikuwa moja kubwa: mtu asiiongoze. Ndege ikisha kuondoka, wanafunzi wabaki watazamaji kama watu wengine.

Kazi hiyo mtoto wa miaka mitatu angeitimiza kwa mikono yake bila shida. Walakini mwaka ule wa 1991 hapakuwa na ndege hata moja iliyoiweza, na kisahani kilibaki mahali pake. Mwaka uliofuata kilibaki vile vile. Mwaka 1993 ndege ya wanafunzi wa Georgia Tech iliweza kupaa, kuruka na kutua yenyewe, nalo lilikuwa jambo jipya katika mashindano yale. Lakini kisahani hakikuhama. Ni mwaka 1995 tu ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoleta helikopta ndogo iliyojua mahali ilipo na mwinamo wake kwa ishara za setilaiti. Helikopta hiyo ilikiokota kisahani na kukipeleka ng'ambo. Swali la mwaka 1991 lilikuwa limepata jibu baada ya miaka minne.

Hapa pana hekima ya kuangaliwa. Wenye mashindano hawakulifanya swali kuwa jepesi ili mtu apate zawadi upesi. Walilirudia lile lile mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi waliotangulia waliwaachia wenzao yale waliyojifunza. Jibu lilipopatikana, swali jipya lililo gumu zaidi lilitolewa. Swali la pili lilikuwa la kutafuta mapipa ya sumu yaliyofukiwa nusu ardhini, kusoma alama zake na kuleta kipande kimoja cha ushahidi. Kazi ya namna hiyo yafaa kupewa mtambo, kwa kuwa huweza kumdhuru mtu.

Afrika ya Mashariki nayo imeona mashindano na majaribio ya ndege hizi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 makampuni yalikuja Mwanza kuonyesha ndege zao juu ya Ziwa Viktoria, na mwezi wa Februari mwaka 2020 mengine yalishindana juu ya Ziwa Kivu katika Rwanda. Hao walikuwa hasa wenye makampuni. Lakini wanafunzi nao wameonyesha uwezo wao. Tangu mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kurusha ndege ndogo, wakasaidia kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani. Na ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Malawi, chuo cha kufundisha kazi ya droni kilifunguliwa mji wa Lilongwe mwezi wa Januari mwaka 2020.

Basi kama vyuo vikitaka kuanzisha mashindano ya wanafunzi upande huu wa ziwa, vifanye nini?

Kwanza ni kuchagua swali. Swali jema lina sifa tatu: linaeleweka kwa maneno machache, halijatimizwa bado na wanafunzi wenyewe, na jibu lake litawafaa watu. Kupeleka mfuko wa dawa kutoka milimani mpaka pwani ni swali la namna hiyo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safari ya ziwani isiwe kazi ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza uwanja wa mpira watosha: ndege ipae yenyewe, ipeleke mfuko wa mchanga mpaka goli la pili, iuweke juu ya mkeka, na irudi. Wakati wa kuvuka milima utakuja.

Pili ni kanuni. Ziandikwe na kutolewa miezi mingi kabla ya siku ya mashindano, ili chuo maskini na chuo tajiri vipate nafasi sawa. Ziseme uzito wa chombo usipite kiasi gani, na muda wa kazi uwe dakika ngapi. Waamuzi wasiwe walimu wa vyuo vinavyoshindana. Anayeigusa ndege yake katikati ya kazi, au kuiongoza kwa siri, apoteze zamu yake. Mashindano yakikosa uaminifu, hayajulishi ni chombo kipi kinachoweza kukabidhiwa damu ya mgonjwa.

Tatu ni usalama. Rafadha inayozunguka hukata kidole kama kisu, na chombo cha kilo tano kikianguka kichwani huweza kuua. Kwa hiyo watazamaji wakae mbali, nyuma ya wavu, na kila ndege iwe na namna ya kuzimwa mara moja na mwamuzi. Tena katika Tanzania ndege hizi hazirushwi kwa kupenda tu. Kibali hutolewa na serikali kwa njia ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wenye ulinzi wa nchi nao huhusika. Kibali kiombwe mapema, kabla ya mialiko kupelekwa.

Nne ni kuandika. Kila kundi lieleze kwa maandishi chombo chake kiliundwaje, kilishindwa wapi na kwa sababu gani, na maandishi hayo yasomwe na vyuo vyote. Kundi lililoanguka likaandika vizuri huweza kusaidia kuliko lililoshinda likanyamaza.

Siku ya kwanza ya mashindano ya namna hiyo huenda ikawa ya kuchekesha. Ndege moja itakataa kupaa, nyingine itakwama mtini, ya tatu itauacha mfuko wa mchanga katikati ya uwanja. Watu watacheka na kwenda zao nyumbani. Lakini wanafunzi watakaobaki jioni kuokota vipande, na kuulizana kosa lilikuwa nini, hao ndio watakaorudi mwaka wa pili. Mtoto aliye darasa la sita leo, akijifunza hesabu zake na kutochoka upesi, atafika chuoni baada ya miaka michache. Milima ya Umatengo itakuwa bado iko pale pale, na kituo cha afya cha pwani kitakuwa kikingoja mfuko wake.

Maswali

1. Kwa nini rafadha mbili huzunguka kulia na mbili kushoto?
2. Ndege ya Ukerewe ilikwenda kilometa 60 kwa dakika 40. Je, kwa saa moja ingekwenda kilometa ngapi?
3. Kwa nini kisahani kilikaa miaka minne bila kupelekwa ng'ambo?
4. Tunga swali moja la mashindano litakalofaa kijiji chako, kisha andika kanuni zake tatu.