Fahamu: Mifumo endeshi myepesi kwa kompyuta kuukuu

Mfumo endeshi mwepesi ni programu kuu ya kompyuta inayotumia kumbukumbu (RAM) kidogo. Haja yake imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 hudai RAM ya GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina.

Katika mji wa mpakani kama Kasindi, mashariki mwa Kongo (DRC), unakopitia mzigo wa Beni na Butembo kutoka Uganda, laptopu kuukuu bado inaweza kuandika ankara na kutunza hesabu za duka. Mfumo mwepesi kama Linux Mint Xfce huanzia GB 2 za RAM. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, huweza kukaa yote ndani ya RAM. Yote miwili ni ya bure.

Faili la mfumo hupakuliwa mara moja na kuandikwa kwenye flashi, kisha kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo bila kugusa diski. Wi-Fi, sauti na printa hukaguliwa kwanza. Kabla ya kusakinisha mfumo, nyaraka hunakiliwa kando, kwani usakinishaji unaweza kufuta diski nzima.