Kambi ya Mlimani na Tarehe ya Kurudi

Shule za Uswisi zikikaribia kufungwa kwa kiangazi, wazazi waliotoka Afrika Mashariki huletewa karatasi kama ile wanayopewa majirani zao: wiki moja katika nyumba ya wageni mlimani, watoto kulala bwenini, kutembea mchana na kuota moto jioni. Majibu mawili husikika upesi. La kwanza, hiyo ni starehe ya Wazungu wenye fedha. La pili, mzazi mwenye akili zake hampi mtu baki mwanawe. Jibu la kwanza halina msingi katika historia. La pili lina uzito, na ndilo linalostahili kujadiliwa kwa kirefu.

Kambi hizi zilianza kwa ajili ya maskini. Mwaka 1876 mchungaji Walter Bion wa Zürich alichukua watoto 68 wa familia zisizojiweza, wengi wakiwa dhaifu wa mwili, akawapandisha kwenye vilima vya Appenzell wakiwa na walimu. Eneo hilo hakulibahatisha, kwani aliwahi kuhudumu kanisani Trogen, hukohuko Appenzell. Wenyeji nao walikuwa wamezoea wageni wanaotafuta afya: tangu katikati ya karne ya 18 kijiji cha Gais kilikuwa kikipokea watu waliokwenda kunywa yale maji yanayobaki jibini likishaganda, wakiyaamini kuwa dawa. Nyumba za kulaza wageni zilikuwepo tayari. Jipya lilikuwa kwamba safari hii mgeni alikuwa mtoto wa kibarua.

Sababu iliyotolewa ilikuwa hewa. Robert Koch alikuwa bado hajatangaza kimelea cha kifua kikuu, jambo alilolifanya mwaka 1882, na wengi waliamini kwamba uchafu wa hewa ya mjini ndio unaodhoofisha watoto. Edmond Cottinet alipoanzisha kambi kama hizo Paris mwaka 1883, watoto walipimwa uzito kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na kilo walizoongeza zikatolewa kama ushahidi. Ushahidi huo una kasoro. Mtoto aliyezoea kulala na njaa akipewa milo kamili kwa wiki kadhaa atanenepa hata bondeni. Sifa ya sufuria ilipewa mlima. Kama hewa ingekuwa ndiyo sababu pekee, kambi zingefifia mara dawa za kifua kikuu zilipopatikana. Zimedumu kwa sababu ya kitu kingine, nacho ni mpangilio wake: watoto huenda kwa kundi, chini ya walezi wanaojulikana, na siku ya kurudi imeandikwa kabla hawajaondoka.

Umuhimu wa mpangilio huo unaonekana tukitazama upande wa giza wa nchi hiyohiyo. Hadi karne ya 20 ikiwa imekwenda mbali, serikali za mitaa za Uswisi ziliwachukua yatima na watoto wa maskini zikawagawa kwa wakulima, wakafanyishwa kazi, wengi wakapigwa na kunyanyaswa. Wanaitwa Verdingkinder. Serikali iliwaomba radhi mwaka 2013, kisha sheria ikaruhusu kila mwathirika aliye hai kulipwa faranga 25,000. Hewa waliyoivuta ilikuwa safi, na mashamba yalikuwa ya kijani. Walichokosa ni wenzao wa kuona yanayotendeka, msimamizi wa kuulizwa, na tarehe ya kurudi. Nasi tusijifanye wageni wa habari hiyo: ni watoto wangapi kwetu wamepelekwa mjini kwa shangazi ili wasome, wakaishia kuwa watumishi wa ndani? Undugu peke yake haukuwalinda.

Atakayepinga atasema sisi tuna likizo yetu, ya kwenda kwa bibi, na inatosha. Kwa malezi, lugha na utani wa babu na mjukuu, hakuna kambi inayoweza kuizidi. Lakini bibi yuko Moshi au Pemba, na tiketi za familia nzima hazinunuliwi kila mwaka. Shule za kantoni ya Zürich hufungwa wiki 13 kwa mwaka, ilhali likizo ambayo sheria inamhakikishia mfanyakazi mtu mzima ni wiki 4. Pengo hilo lazima lizibwe, na mara nyingi linazibwa na simu na televisheni. Kuhusu gharama, tangu mwaka 1972 mpango wa serikali uitwao Jugend+Sport umekuwa ukifundisha viongozi wa vijana na kuchangia kambi zao, kwa hiyo bei haipangwi na soko peke yake.

Hofu ya mzazi, basi, ni ya haki, ila igeuzwe iwe maswali. Viongozi ni wangapi, na wamefunzwa wapi? Usiku nani analala karibu na watoto? Radi ikianza kunguruma mchana, nani mwenye mamlaka ya kukatisha matembezi na kuwarudisha? Mtoto akilia kwa kukumbuka nyumbani, anaruhusiwa kupiga simu? Moja likikosa jibu, mtoto abaki nyumbani, hata kama picha ya mlima inapendeza. Yote yakijibiwa, huyo aliyeitwa mtu baki ameshapata jina na wajibu.