Visima vya Mchangani: Maji, Watu na Wanyama kutoka Kintinku hadi Ruaha (Sehemu ya Kwanza)

Katika Kiswahili cha siku hizi neno "mbuga" limezoeleka kuandamana na wanyama, kiasi kwamba anayesikia habari za kwenda mbugani huwaza lango, kiingilio na gari lenye paa la kufunguka. Kwa wakazi wa katikati ya Tanzania, hata hivyo, na kwa wataalamu wa udongo pia, mbuga ni bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambalo hufurika wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kintinku, iliyo katika Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, imekaa kwenye bonde la namna hiyo, na kutoka hapo msafiri anaweza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kuvuka vichaka vya Itigi na kushuka kusini hadi mapori ya Rungwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Makala haya yanaeleza kwamba njia hiyo husomeka vizuri zaidi ikifuatwa kwa maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyoamua mahali pa kukaa watu, mahali pa kubaki wanyama, na namna pande hizo mbili zilivyopata kufahamiana.

Bonde lisilo na njia ya baharini

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, yaani ule mpasuko mrefu wa ardhi unaotoka kaskazini na kupita Kenya, hupoteza kina chake linapofika katikati ya Tanzania, lakini katika eneo la Manyoni ukingo wake wa magharibi bado unaonekana wazi. Juu ya ukingo huo iko Kilimatinde, uliokuwa mji wa ngome na ofisi za utawala wa Wajerumani, na chini yake iko Kintinku, pamoja na uwanda unaoelekea kwenye kinamasi cha Bahi, kiitwacho pia Ziwa Sulunga. Mto Bubu, utokao upande wa Kondoa, huingia katika kinamasi hicho na kuishia humo, kwa sababu bonde lote halina mlango wa kutolea maji baharini. Maji yanayofika hunywewa na ardhi au hupaa na jua, na kuacha chumvi.

Mtu akipanda ukingo na kuendelea ndani ya wilaya hiyo hiyo, hukuta kwamba mikondo ya maji imegawanyika tena. Mto Kizigo huelekea mashariki, ukaungana na Ruaha Mkuu katika eneo la Mtera na hatimaye kumwaga maji yake Bahari ya Hindi kupitia Rufiji, ilhali Mto Rungwa huelekea magharibi hadi Ziwa Rukwa, ambalo nalo, kama Sulunga, halina njia ya kutokea. Mvua inayonyesha katika sehemu hii moja ya nchi hugawanyika pande tatu, na kwa kuwa mvua yenyewe ni haba na huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, mito mingi hubaki mchanga mtupu kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Wenyeji huita mito ya aina hii makorongo, na habari ya maji yaliyofichika chini ya mchanga wake itarudiwa baadaye.

Kufika Kintinku si kazi ngumu. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na Kintinku ni mojawapo ya vituo vyake kati ya Bahi na Manyoni. Reli mpya ya kisasa nayo imepangwa kupita katika ukanda huohuo, ambapo Makutupora, iliyo ndani ya Wilaya ya Manyoni, ndipo kinapokoma kipande kinachotoka Morogoro na kuanza kile kinachokwenda Tabora. Barabara ya lami kutoka Dodoma hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa mlima wa Sukamahela, ambao madereva wa malori wanaufahamu vyema kwa ukali wake.

Hifadhi, pori la akiba na jumuiya

Kabla ya kwenda mbele inafaa kutenganisha maneno ambayo mara nyingi huchanganywa. Hifadhi ya taifa ni eneo ambamo hairuhusiwi makazi, kilimo, ufugaji wala uwindaji, na ambalo husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Pori la akiba nalo limefungwa kwa makazi na mifugo, lakini sheria huruhusu humo uwindaji wa kitalii kwa leseni, katika maeneo yaliyogawanywa yanayoitwa vitalu, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Aina ya tatu ni eneo la hifadhi ya jamii, ambalo vijiji hulitenga ndani ya ardhi yao na kulisimamia kwa pamoja ili vipate sehemu ya mapato. Mfano wake ni jumuiya ya MBOMIPA, iliyo jirani na Ruaha upande wa Iringa, ambayo jina lake ni kifupi cha maneno Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga.

Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambayo kwa pamoja yana ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yanapakana na Ruaha na hayana uzio kati yake na hifadhi hiyo. Ruaha yenyewe ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Rungwa mwaka 1964, na baada ya eneo la Usangu kuongezwa mwaka 2008 ikafikia takriban kilomita za mraba 20,226, ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini hadi mwaka 2019, ilipoundwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukubwa huu ndio unaowawezesha tembo, nyati na mbwa mwitu kuhama kwa msimu bila kujua wala kujali kwamba wamevuka mpaka wa taasisi.

Upekee wa Ruaha kwa upande wa viumbe unatokana na kukutana kwa aina mbili za uoto. Miombo, yaani misitu ya wazi iliyoenea kusini hadi Zambia na Zimbabwe, hukutana hapo na nyika ya migunga na mibuyu ya Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo wanyama ambao kwingine hawaonekani pamoja hukaribiana: tandala mkubwa na tandala mdogo, na vilevile palahala na korongo. Jina korongo hapa ni la swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, wala si yule ndege mwenye miguu mirefu, sembuse mto mkavu uliotajwa hapo juu. Kiswahili kimevipa vitu hivyo vitatu jina moja, na msomaji hana budi kuongozwa na muktadha.

Mgunda Mkali na hongo

Magharibi ya Kilimatinde, kuelekea Itigi, ardhi hufunikwa na vichaka vizito vya miti mifupi inayopukutisha majani kiangazi, iliyosongamana hata mtu hupita kwa shida. Uoto wa namna hii ni adimu duniani, kwani zaidi ya Itigi hupatikana tu katika sehemu ya kaskazini mwa Zambia, na sehemu yake kubwa imekwisha kufyekwa kwa mashamba na mkaa. Katika karne ya 19 nyika hii, iliyoenea kati ya nchi ya Wagogo na ile ya Wanyamwezi, iliitwa Mgunda Mkali, maana yake shamba kali, na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliivuka kwa siku kadhaa kwa hofu, kwa sababu vituo vya maji vilikuwa vichache na vilitengana sana.

Wingi wa mbung'o, inzi anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, ulikuwa sababu nyingine iliyowaweka wafugaji mbali na sehemu kubwa ya mapori ya magharibi, na serikali ya kikoloni ya Uingereza iliongeza utupu huo ilipowakusanya watu wa Tanganyika ya magharibi katika makazi maalumu ili kupambana na malale. Kwa hiyo pori ambalo mgeni wa leo huliona kama ardhi isiyowahi kuguswa lina historia ya watu ndani yake. Wakimbu, ambao nchi yao ya asili imo humo, waliishi kwa kilimo cha kuhamahama, kuwinda na kurina asali, na mizinga inayotundikwa mitini hadi leo katika eneo la Itigi na Manyoni, palipo na Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, ni mwendelezo wa elimu hiyo.

Kabla ya kuingia Mgunda Mkali, misafara itokayo pwani ililazimika kupita Ugogo, ambako watawala wa kila eneo walitoza ushuru wa nguo, shanga na waya wa shaba, ulioitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu, akiwemo Richard Burton aliyepita mwaka 1857, walilalamika sana juu ya ushuru huo na kuuita unyang'anyi. Lakini mwenye nchi aliutazama kwa jicho lingine, kwani msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya visima na kula nafaka ya watu ambao mwaka wowote wangeweza kufikwa na njaa. Ni jambo la kutafakari kwamba neno hilo, lililokuwa jina la ada halali ya kupita na kunywa maji ya wenyewe, leo katika Kiswahili lina maana ya rushwa peke yake.

Utamaduni uliofinyangwa na ukame

Wagogo, ambao Kintinku imo katika upande wa magharibi wa nchi yao, ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na karibu kila jambo katika maisha yao ya jadi ni jibu kwa uhaba wa mvua. Nafaka zao ni uwele na mtama, zinazostahimili jua kuliko mahindi, na kitoweo chao mashuhuri ni mlenda. Nyumba yao ya asili, tembe, ina paa bapa la miti lililofunikwa udongo, na vyumba vyake hupangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Paa la namna hiyo lisingedumu mahali pa mvua nyingi, lakini hapa hutunza ubaridi na huweza kuanikiwa mazao. Matembe yamepungua sana tangu watu walipohamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mabati yamechukua nafasi yake.

Nchi yenyewe iligawanywa katika maeneo ya kiibada, kila moja likiitwa yisi, chini ya mtemi aliyetunza mawe ya mvua na kuongoza matambiko ya kuomba mvua na rutuba. Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyokuja na kufuatia Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya pande zote mbili yalipochukua nafaka, mifugo na wanaume, imebaki katika kumbukumbu kama kipimo cha maafa. Katika muziki, Wagogo wanajulikana kwa zeze, kwa ilimba inayopigwa kwa vidole gumba, na kwa muheme, ngoma ambazo wanawake huzibana katikati ya miguu na kuzipiga kwa mikono. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo katika majukwaa ya nchi nyingi.

Kisima cha mtu na kisima cha tembo

Kiangazi kinapokolea, wanakijiji wa Ugogo huchimba visima ndani ya mchanga wa makorongo, kwa kuwa maji yaliyozama hubaki chini kwa miezi kadhaa, yamechujwa na mchanga wenyewe na kukingwa na jua. Ndani ya Ruaha, katika mito ya mchanga kama Mwagusi, tembo hufanya kazi iyo hiyo kwa miguu na mkonga, na akisha kunywa na kuondoka, shimo lake huwa kisima cha ngiri, nyani, swala na ndege, ambao wasingeweza kuyafikia maji wenyewe. Anayeona kisima cha binadamu Kintinku, kisha akaona cha tembo Mwagusi, ameelewa nyika kuliko aliyehesabu simba kumi.

Lakini maji hayo yana wadai wengi. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na sababu kubwa iliyotajwa ni matumizi ya maji katika mashamba ya mpunga na malisho ya uwanda wa Usangu, ulio juu yake. Maji hayohayo hutakiwa pia na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Ujangili nao uliwapunguza tembo wa mfumo wa Ruaha na Rungwa, kutoka zaidi ya 30,000 katika sensa ya mwaka 2006 hadi takriban 16,000 mwaka 2015.

Mgeni anayetaka kuwaona wanyama kwa wepesi husafiri kati ya Juni na Oktoba, majani yanapokuwa yamepungua na wanyama wamekusanyika penye maji. Huo ndio pia msimu ambao mwanamke wa Ugogo hutembea mbali zaidi na ndoo yake, na ambao ng'ombe na tembo hugombea korongo moja nje ya mpaka. Mgeni atakayepitia Kintinku atafanya vyema kuanza na ofisi ya kijiji, kuamkia kwa "mbukwenyi", ambayo ni salamu ya Wagogo kwa watu wengi, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au kisima. Kwani kisima cha mchangani, kama kilivyokuwa wakati wa misafara, kina mwenyewe.

Sehemu ya pili itaeleza njia ya kusini kutoka Itigi hadi Rungwa, na kuchunguza jinsi kiingilio cha lango, ambacho ndicho hongo ya zama zetu kwa maana yake ya zamani, kinavyogawanywa kati ya serikali na vijiji vinavyokunywa maji pamoja na wanyama.